Vifaranga wa Natron, maji ya Subukia

Mvua kubwa ikinyesha Subukia usiku, asubuhi huhitaji kuambiwa. Mitaro ya barabara ya Nakuru kwenda Nyahururu hujaa maji mekundu, mashamba yaliyolimwa kufuata mteremko huachwa na mifereji mipya, na mbolea iliyonunuliwa kwa pesa za kubangaiza huwa imekwenda na maji. Mkulima huinama, akainua mche mmoja mmoja ulioponea, akarudishia udongo shinani. Kwa hesabu yake, hasara imeishia mpakani mwa shamba.

Udongo ule, hata hivyo, una safari ndefu. Vijito vya bonde la Subukia huungana katika Mto Waseges, nao hushika njia ya kaskazini, ukaiacha Kaunti ya Nakuru na kuteremka hadi nchi yenye joto ya Baringo. Ukikaribia mwisho wake huitwa Sandai, na mwisho wenyewe ni Ziwa Bogoria. Ziwa hilo halina mto unaotoka. Maji yakiingia hubaki humo mpaka jua liyanyonye, na kila kilichobebwa na maji hayo, kiwe udongo, mbolea au dawa ya kunyunyizia nyanya, hutua humo humo.

Kwenye kingo za ziwa hilo ndiko wanakokula heroe wadogo, ndege wa waridi ambao wakazi wa Nakuru huwaita flamingo na ambao picha zao zimeiuza Kenya kwa watalii kwa miongo mingi. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka heroe mdogo katika kundi la viumbe wanaokaribia kuwa hatarini. Kwa anayetaka kujua sababu, haitoshi kusimama langoni mwa mbuga na darubini. Itambidi aanzie huku juu, mtoni, kisha afuate maji.

Meza iliyo ufuoni

Ni vyema kumtazama heroe mmoja anavyokula, maana shida yake yote imo katika ulaji huo. Huingia kwenye maji yasiyofika magotini, akainamisha shingo mpaka kichwa kikapinduka, sehemu ya juu ya mdomo ikawa chini. Kisha huanza kutembea polepole akipeleka mdomo huku na huku juu juu ya maji. Ndani ya mdomo ulimi wake mnene husukuma na kuvuta maji kwa kasi, na kingo za mdomo zina vichujio vyembamba sana vinavyonasa mwani na kuyaachia maji yapite. Hachokoi tope kama bata, wala hawindi samaki kama mwari. Chakula chake kikuu ni kimoja, nacho ni mwani mdogo wa rangi ya kijani na buluu uitwao Arthrospira, ambao wengi wameusikia dukani kwa jina la spirulina. Rangi ya waridi ya manyoya yake hutoka katika chakula hicho.

Mwani huo hupenda maji ya magadi, makali kiasi cha kuchoma ngozi ya binadamu. Bogoria, Nakuru na Elmenteita ni maziwa ya namna hiyo. Ndiyo sababu mwaka 2011 UNESCO iliyaingiza maziwa haya matatu pamoja katika orodha ya Urithi wa Dunia, eneo la hekta 32,034, ikisema kuwa hakuna mahali pengine duniani penye umuhimu kama hapa kwa malisho ya heroe mdogo. Maziwa hayo yote yalikuwa tayari yametambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda maeneo oevu: Nakuru mwaka 1990, likiwa eneo la kwanza nchini, Bogoria mwaka 2001 na Elmenteita mwaka 2005.

Ndege huyu anayekula kwenye maji ya chumvi hawezi, hata hivyo, kuishi bila maji matamu. Kila siku heroe hukusanyika penye chemchemi na midomo ya mito, wakanywa na kuoga ili kuondoa magadi mwilini. Mdomo wa Sandai ni mojawapo ya mahali hapo. Maji aliyoyakinga mkulima wa Subukia kumwagilia vitunguu vyake, na yale aliyoyaachia yapite, ni maji ya kunywa ya ndege wa Bogoria. Hapo uhusiano wa bonde na ziwa hauhitaji mtaalamu wa kuueleza.

Chakula huku, malezi kule

Wageni wengi wanaofika Nakuru au Bogoria huuliza viko wapi viota na vifaranga. Jibu ni kwamba havipo huku. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki, wanaokadiriwa kuwa kati ya milioni 1.5 na 2.5, hutegemea mahali pamoja tu kwa kuzaliana kwa uhakika, nako ni Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, karibu kabisa na mpaka wa Kenya. Takribani robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huanguliwa hapo. Kwingineko ni kuchache mno: Makgadikgadi nchini Botswana, Etosha nchini Namibia, na nyika za chumvi za Kutch nchini India.

Kwa muda mrefu hata wanasayansi hawakujua ndege hawa walizalia wapi. Mwaka 1954 Leslie Brown, aliyekuwa ofisa wa kilimo nchini Kenya na mtafiti wa ndege, aliviona viota vyao katikati ya Natron. Alijaribu kuvifikia kwa miguu kwenye tope la magadi na nusura apoteze maisha. Chumvi iliingia katika viatu vyake, ikamchuna na kumuunguza miguu hata akalazwa hospitalini. Hali hiyo iliyomshinda mtu ndiyo ngome ya heroe, kwa kuwa fisi na mbweha nao hawavuki tope hilo.

Kiota chenyewe ni kichuguu cha tope cha sentimita 30 hivi, chenye kishimo juu. Kimo hicho kina kazi: joto la tope la chini huweza kupita nyuzi 50, lakini juu ya kichuguu kuna nafuu. Mama hutaga yai moja tu, na wazazi wote wawili hupokezana kulilalia kwa wiki nne. Kifaranga huanguliwa akiwa na manyoya ya kijivu na mdomo ulionyooka, usioweza bado kuchuja mwani. Kwa hiyo wazazi humlisha kwa umajimaji mwekundu unaotengenezwa kooni mwao, wenye mafuta na protini. Wakati wa kulea, rangi ya mzazi hufifia, kwa kuwa sehemu ya waridi yake inampita mtoto.

Baada ya siku chache kifaranga hushuka kiotani na kujiunga na wenzake. Maelfu ya vifaranga hukaa kundi moja, wakichungwa na ndege wakubwa wachache, na pengine hutembea kilomita nyingi kutafuta maji matamu. Wazazi huruka kwenda kula, wakirudi humtambua mtoto wao kwa sauti katika umati huo wote. Huchukua miezi miwili na nusu hivi kabla mbawa zao hazijaweza kuwabeba. Katika muda huo marabu na tai huvuna wanavyotaka.

Yai moja kwa jozi, na si kila mwaka. Ndege wa namna hii hufidia uzazi haba kwa maisha marefu: heroe huishi miongo mingi, akajaribu tena mwaka mwingine. Mpango huo hufaa pale tu ndege wakubwa wanapopata chakula cha kutosha kuwafikisha mwaka huo mwingine. Chakula kikipungua huku Bogoria na Nakuru, kinachopotea ni vifaranga wa Natron ambao hawataanguliwa kamwe.

Pingu za Magadi

Kuna kisa cha mwaka 1962 kinachostahili kukumbukwa. Mvua kubwa za mwaka 1961 zilifurisha Natron, viota vikakosa mahali. Heroe wakahamia Ziwa Magadi upande wa Kenya na kutaga huko kwa mamia ya maelfu. Mahali pale hapakuwafaa. Maji yalipokauka, magadi yaliganda kwenye miguu ya vifaranga, yakazidi kunenepa kila walipotembea, hata yakawa pingu ngumu kama jiwe. Kifaranga aliyefungwa hivyo hakuweza kulifuata kundi, akaachwa nyuma na kufa njaa.

Mpiga filamu Alan Root na watu wa kujitolea waliingia ziwani na nyundo. Walimkamata kifaranga mmoja mmoja, wakaigonga pingu kwa uangalifu mpaka ikapasuka, wakamwachilia. Waliokolewa kwa mikono zaidi ya 20,000, na wengine wengi walisukumwa kuelekea kwenye maji yasiyokuwa makali kiasi hicho. Ilikuwa kazi ya watu waliokataa kusimama na kutazama.

Kisa hicho kinafundisha mambo mawili. La kwanza, heroe wanapofukuzwa kwenye ziwa lao la kuzalia, hawana kimbilio jingine lililo salama. La pili, binadamu akitaka kusaidia anaweza. Miaka ya 2000 wazo la kuchimba magadi Natron lilipokuja, likihusisha kampuni ya Tata Chemicals ya India, mashirika ya uhifadhi ya Tanzania, Kenya na kwingineko yalipinga kwa sauti moja, na mwaka 2008 kampuni hiyo ilijiondoa. Mwaka 2011 Serikali ya Tanzania ilionyesha nia ya kuufufua mradi, upinzani ukaanza tena. Baadaye macho yalielekezwa kwenye magadi ya Engaruka, mbali na viota. Natron imebaki, lakini imebaki kwa sababu kuna watu walioisemea.

Ziwa linapozidi maji

Waliosoma jiografia shuleni miaka ya 1990 walifundishwa kuogopa kukauka kwa Ziwa Nakuru. Miaka kadhaa lilikauka kweli, upepo ukapeperusha vumbi jeupe la chumvi hadi mjini. Tangu mwaka 2010 hivi hofu imegeuka. Maziwa ya Bonde la Ufa yamejaa na kupanda. Ziwa Nakuru limemeza barabara za mbuga, lango lake kuu la zamani na misitu ya migunga ya manjano, ambayo sasa imesimama majini ikiwa mikavu. Mtaani Mwariki, watu walihama nyumba walizojenga kwa jasho lao. Bogoria nalo limefunika sehemu ya chemchemi zake za moto zilizokuwa zikivuta wageni, na wataalamu wameonya juu ya siku ambayo maji matamu ya Baringo yatakutana na maji makali ya Bogoria.

Sababu kubwa inayotajwa ni kuongezeka kwa mvua kwenye nyanda za juu kutokana na mabadiliko ya tabianchi. Ukataji wa misitu na kilimo kisichozuia maji vimeongeza uzito juu ya hilo: mvua inayoanguka kwenye udongo ulio uchi haizami, hukimbia, na ikikimbia hubeba udongo unaojaza vitanda vya maziwa.

Mtu anaweza kufikiri kuwa ndege wa majini hufurahia maji mengi. Kwa heroe ni kinyume. Maji ya mvua hupunguza makali ya magadi, na ziwa huwa kama uji uliozidishiwa maji: sufuria imejaa, lakini mlaji hashibi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, ukiongozwa na Aidan Byrne wa Chuo cha King's jijini London, ulitumia picha za setilaiti za zaidi ya miaka 20 kupima mwani katika maziwa 22 ya magadi ya Afrika Mashariki. Matokeo yake kuhusu Ziwa Nakuru yanatisha: kati ya mwaka 2009 na 2022 eneo la ziwa liliongezeka kwa asilimia 91, na kiwango cha wastani cha mwani kikapungua kwa nusu.

Ndege wenyewe wameshatoa hukumu yao. Wale waliokuwa wakizingira Nakuru kwa wingi uliofanya ukingo wote uonekane wa waridi wamepungua sana, wakatawanyika Bogoria, Elmenteita, Magadi na maziwa madogo. Heroe husafiri usiku, kutoka ziwa hadi ziwa, wakitafuta penye mwani. Uhodari huo wa kuhama ndio uliowavusha katika vipindi vya ukame na mafuriko kwa maelfu ya miaka. Unahitaji kitu kimoja tu: ziwa moja likiharibika, liwepo jingine lililo zima. Leo mengi yanapanda na kufifia kwa wakati mmoja.

Wadogo wasiopigwa picha

Heroe wana bahati ya kuwa warembo. Kwenye ukingo huo huo wapo ndege wengine wanaoishi kwa ukanda mwembamba wa tope kati ya nyasi na maji, nao hupotea bila gazeti kuandika.

Mmoja wao ni kitwitwi mdogo wa rangi ya mchanga aliyepewa jina la mtafiti Kittlitz. Ni mdogo kuliko ngumi ya mtu mzima. Hataki mti wala nyasi. Hukwangua kishimo kwenye ardhi tupu ya kando ya ziwa na kutaga mayai mawili. Mtu au ng'ombe akikaribia, kabla ya kuondoka husimama juu ya mayai na kwa miguu yake huyapiga udongo upesi upesi mpaka yakafunikwa. Ukifika mahali pale huoni kitu, hata kama kiota kiko mbele ya kiatu chako. Hatari ikipita hurudi, akayafukua na kuyalalia tena. Vifaranga wake huanza kukimbia mapema sana baada ya kuanguliwa, wakitafuta wadudu wenyewe, na mzazi humwongoza adui kwingine kwa kujifanya amevunjika bawa.

Werevu wote huo hauwezi kitu mbele ya ziwa linalopanda likakutana na ua wa shamba au ukuta wa nyumba. Ukingo huhitaji nafasi ya kusogea. Ziwa likipanda nasi tumelima na kujenga hadi mstari wa maji, ukanda wa tope hutoweka, na kiota cha ardhini hakina pa kwenda.

Kwenye tope hilo hula pia wageni wa mbali. Kuanzia Agosti hadi Aprili vitwitwi kutoka nyanda za barafu za Siberia hufika Nakuru na Elmenteita, na wengine huendelea hadi pwani, kwenye Mida Creek huko Watamu na mdomo wa Mto Sabaki karibu na Malindi. Wanalea vifaranga wao katika majira mafupi ya joto ya kaskazini, kisha huja kwetu kula, wakiweka mafuta ya kuwarudisha. Oktoba 2024 habari mbaya zilitangazwa: spishi 16 za ndege wa ufuoni wanaohama zilipandishwa daraja la hatari katika Orodha Nyekundu ya IUCN. Miongoni mwao ni kitwitwi mwenye mdomo uliopinda, mgeni wetu wa maziwa na wa bahari, ambaye sasa anahesabiwa kuwa katika hatari ya kutoweka.

Mwari weupe nao wana mashaka yao. Hulea makinda kwenye visiwa vya mawe vya Elmenteita, mojawapo ya makoloni yao makuu Afrika Mashariki, lakini Elmenteita halijulikani kwa samaki wengi. Mzazi huruka hadi Nakuru au Naivasha kuvua, akarudi na samaki kooni. Maji ya Elmenteita yakishuka mno, visiwa huungana na nchi kavu na fisi wakavuka. Yakipanda mno, mawe ya kutagia huzama. Na ukipanda kutoka Subukia kuelekea Nyahururu, hufiki mbali kabla ya Ziwa Ol Bolossat la Nyandarua, ambako korongo taji, aliyetangazwa kuwa hatarini kutoweka tangu mwaka 2012, hulea makinda yake kwenye kinamasi kinachobanwa na mashamba na mifugo.

Ndege tofauti, tabia tofauti, lakini hitaji ni moja: hakuna hata mmoja wao anayekamilisha maisha yake ndani ya uzio wa mbuga moja.

Funzo la Kimberley

Jiji la Nakuru, lililopewa hadhi hiyo Desemba 2021, limekaa juu ya ziwa lake. Maji ya mvua yanayosafisha barabara zake, na majitaka yanayoshinda mitambo, hushukia huko. Katika miaka ya 1990 na mapema miaka ya 2000 heroe walikufa kwa maelfu Nakuru na Bogoria, na watafiti wakataja sumu za baadhi ya mwani, magonjwa na metali nzito kuwa miongoni mwa sababu.

Anayedhani kuwa hali hiyo haiwezi kufikia mwisho mbaya na aangalie Afrika Kusini. Kandokando ya mji wa Kimberley kuna Bwawa la Kamfers. Wahifadhi walijenga humo kisiwa, heroe wadogo wakakikubali na kuanza kulea vifaranga, likawa mojawapo ya mahali pachache duniani wanapozaliana. Majitaka ya mji yalipozidi kumiminika bila kusafishwa, maji yakaharibika na ndege wakaondoka. Hawakuwindwa wala kufukuzwa na mtu. Mabomba mabovu yalitosha.

Kazi iko mlimani

Tufanye nini? Mvua hatuna uwezo nayo, na moshi wa viwanda vya dunia hautazimwa Subukia. Kati ya mlima na ziwa, hata hivyo, kuna mambo mengi yaliyo mikononi mwetu, na karibu yote humfaa mkulima kabla hayajamfaa ndege.

La kwanza ni udongo. Matuta yanayokata mteremko, nyasi za mifugo zilizopandwa kwenye kingo za matuta, na mabaki ya mahindi yaliyoachwa shambani badala ya kuchomwa huzuia mbolea isiende Bogoria. Mkulima anayelima kufuata mteremko analipia pembejeo mara mbili: anaponunua na inapochukuliwa na maji.

La pili ni kingo za mito. Kanuni za mazingira nchini zinazuia kulima na kujenga ndani ya mita 6 hadi 30 kutoka kwenye kiwango cha juu cha mafuriko cha mto. Kanuni hiyo inajulikana, lakini ukipita kando ya vijito vyetu utaona sukumawiki imefika majini na mikaratusi imepandwa juu ya chemchemi. Kurudisha miti ya kiasili kwenye ukanda huo ni kazi inayowezekana kijiji kwa kijiji. Vyama vya watumiaji maji, vinavyotambuliwa na Sheria ya Maji, ndivyo mahali pa kuanzia, kwa kuwa humo mtu wa juu ya mto na mtu wa chini wanaweza kuketi meza moja. Wa juu akumbuke pia kwamba kuvuta maji yote wakati wa kiangazi ni kumnyima jirani wa Sandai, mifugo yake, na ndege wa mdomo wa mto.

La tatu ni dawa. Kuosha pampu ya kunyunyizia kijitoni ni jambo la dakika mbili, na madhara yake hukaa ziwani kwa kuwa ziwa halina pa kuyatoa. Mashamba makubwa ya maua na mboga yana wajibu mkubwa zaidi, na wakaguzi wa mazingira wana kazi ya kuuliza maji yake yanaishia wapi.

Upande wa serikali, kaunti za Nakuru na Baringo zinashiriki mto mmoja na hazina budi kuupanga pamoja. Pesa za mitambo ya majitaka ya Nakuru zihesabiwe kuwa pesa za utalii, maana ndizo zinazoulinda. Maziwa yakiwa yamepanda, ardhi mpya ya kandokando isigawiwe harakaharaka. Waliopoteza makazi wasaidiwe kuhamia mahali salama, na ziwa liachiwe ukingo. Na kwa kuwa vifaranga wetu huanguliwa Tanzania, Nairobi na Dodoma zinapaswa kuilinda Natron kama mali ya pamoja, pamoja na Mto Ewaso Ng'iro wa Kusini unaoiletea maji kutoka Mau, upande wa Kenya.

Kila Januari wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa, Nature Kenya, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na watu wa kujitolea huenda kwenye maziwa haya kuhesabu ndege wa majini. Ni kazi ya asubuhi na mapema, ya subira, na hesabu hiyo ndiyo inayotuambia kama tunashinda au tunashindwa. Walimu wa Subukia wanaweza kuwapeleka wanafunzi wao kushiriki. Mtoto atakayemwona heroe akinywa kwenye mdomo wa Sandai, akaambiwa kuwa maji yale yamepita nyuma ya shule yake, hatatupa tena chupa ya dawa mtoni.

Mahujaji Wakatoliki kutoka kila pembe ya nchi hupanda hadi kwenye madhabahu ya Bikira Maria ya Subukia na kuteka maji ya chemchemi yake kwa heshima. Heshima hiyo na isiishie kwenye chemchemi moja. Ndugu msomaji, msimu wa mvua ujao ukiwa na shamba kando ya kijito cha Waseges, acha ukanda wa nyasi na miti kati ya jembe lako na maji, na umshawishi jirani yako afanye hivyo. Utakuwa umeokoa udongo wako, na utakuwa umeacha chakula kwenye meza ya ndege ambao hawana pengine pa kula.